Tupeane uzoefu: ultimate frisbi bila refa, ulishawahi kukwama kati ya kanuni na uungwana?

Kisahani_Huru:
Wakuu salama? Tunaocheza ultimate (timu mbili, mnarushiana diski mpaka mwenzako aidake kwenye eneo la goli) tunajua refa hakuna, unaita faulo mwenyewe, mwenzako akikubali sawa, akipinga diski inarudi kwa aliyerusha mnaendelea. Kwenye karatasi rahisi kweli. Mi mwaka wangu wa kwanza nilidhani uungwana ni kunyamaza, jamaa mmoja ananikaba nikiwa na diski, anahesabu mpaka kumi (ikifika kumi hujarusha, diski inakuwa yao) kwa sekunde kama sita hivi, nami kimya, nisije nikaonekana mlalamishi. Diski ikapotea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu nikalipuka nikamwita mwizi mbele ya watu wote. Akabaki ananishangaa, "si ungesema tu nahesabu haraka?" Na kweli, kila namba inatakiwa ichukue angalau sekunde moja, ukiita anarudisha hesabu nyuma na mchezo wala hausimami. Mwenzangu hata hakujua kama anakimbiza. Nyie je?

MkabajiSugu:
Mi kinyume chako mkuu 😂 kanuni nilizimeza zote. Tukapangwa na timu changa, upepo mkali, kila mtu wao akirusha naona mguu wa kuegemea, ule unaotakiwa utulie mpaka diski itoke mkononi, umesogea, naita. Anarusha, naita. Na ulikuwa umesogea kweli, ila kidogo tu na hakuna alichofaidika nacho. Mechi imeisha tunapeana alama za spiriti, yaani za uungwana, kila timu inaipa nyenzake, si zipo sehemu tano kila moja 0 mpaka 4, nikajua kwenye sehemu ya kanuni alama 4 ni yetu hiyo. Wakatupa 1. Nikamfuata kapteni wao wa spiriti, yule anayesimamia mambo ya uungwana kwenye timu, kulalamika, dada mpole kabisa, akanambia sehemu hiyo ni kuzijua NA kuzitumia, afu kanuni hizohizo zinasema uite pale tu kosa linapobadilisha matokeo ya tukio. Iko mwanzoni kabisa. Nimekariri mpaka vipimo vya uwanja, hiyo nikairuka.

Namba9:
14-14, mwenye 15 ndo mshindi. Nikaita faulo kwenye eneo la goli, mwenzangu wa timu yangu mwenyewe akanisogelea sikioni, "hajakugusa, umeteleza". Nikafuta, diski ikawa yao, wakaenda kufunga. Kapteni wetu hakunisemesha wiki nzima na yule mwenzangu naye akanuniwa, wakati kanuni zinamtaka aseme akiona mtu wa timu yake kaita vibaya. Watu wananisifia mpaka leo, ila niwe mkweli, asingekuja kuninong'oneza nisingefuta.

Kipara_wa_Winga:
Ndo maana mi nasema leteni refa tuishi kwa amani.

MkabajiSugu:
@Kipara refa akija utaacha kujiangusha, au utajifunza kujiangusha vizuri zaidi?

Kipara_wa_Winga:
😂😂 hilo swali naomba nisilijibu.

Namba9:
Tushaona jibu mkuu.