MJADALA: Betri kubwa za umeme Unguja, tunajua tunachokinunua?

Mpitanjia wa Mkunazini (mtoa hoja)

Assalamu alaykum wanajamvi. Tangu Benki ya Dunia iidhinishe mradi wa umeme wa Zanzibar uitwao ZESTA mwaka 2021, wenye sehemu ya umeme wa jua na betri, kila barza ya kahawa imepata mhandisi wake. Ninachokisikia ni kwamba betri zikishafungwa umeme haukatiki tena, na majenereta ya dizeli ya Mtoni yauzwe chuma chakavu. Mimi nasema hapo tunajidanganya, na anayepinga anipinge kwa hesabu.

Wakubwa wenzangu wanakumbuka. Mwaka 2008 tulikaa kiza karibu mwezi mzima. Disemba 2009 kikaingia tena hadi Machi 2010: mabomba makavu kwa sababu pampu za maji hazina umeme, madumu yamepangwa foleni kisimani, barafu ya samaki hakuna. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliolazwa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Wa kwanza ni wa mwaka 1980, megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013 kwa fedha za Marekani, na umepita upande ule ule.

Haya, chukua mzigo wa megawati 100. Betri ya megawati-saa 100 itaubeba saa moja, na hapo sijatoa kinachopotea katika kuchaji na kutoa. Moss Landing kule California, miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya betri duniani, kilifika megawati-saa 3,000. Tukihamishe chote tukilete Unguja: saa 30. Kiza cha 2009 kilidumu miezi mitatu!

Na Moss Landing hiyo hiyo iliwaka tarehe 16 Januari 2025. Jengo la megawati 300 liliteketea, watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa majumbani mwao. Hilo nalo tuliweke mezani.

Fundi wa Mtoni Kidatu

Waalaykum salaam. Sheikh, hesabu yako ni sahihi, ila umempima samaki kwa pishi. Hakuna mhandisi anayenunua betri kwa ajili ya miezi mitatu. Betri ni ya sekunde, dakika na saa chache.

Waya wa Fumba ukianguka ghafla, masafa ya umeme, yaani mapigo yake kwa sekunde, yanashuka kutoka 50 na swichi za kinga zinajifungua zenyewe, mtaa baada ya mtaa, mpaka kisiwa kizima kimezima. Jenereta la dizeli lililozimwa haliwezi kuwahi hapo. Betri inajibu kabla taa haijacheza. Australia Kusini walifunga ya megawati 100 pale Hornsdale mwaka 2017 kwa kazi ya namna hiyo, ikawafaa hadi wakaiongeza.

Halafu kuna jioni. Jua la Makunduchi ni kali saa saba mchana, wakati matumizi makubwa yanaanza baada ya Magharibi, feni na taa na pasi kwa pamoja. Mwezi wa Ramadhani ndio usiseme. Bila betri, jua la mchana halikufai kitu usiku.

Kuhusu Mtoni niko nawe. Betri inakupa muda wa kuwasha majenereta. Anayetaka kuyauza hajui betri ni ya nini.

Bi Mwani, Jambiani

Wanangu, hizo megawati nawaachieni. Suala langu ni mahali. Mmetaja Makunduchi, basi huko kusini ndiko tuliko sisi. Jiwe letu ni la matumbawe, lina matundu kama chujio, maji tunayokunywa yako chini yake na mwani wetu uko mbele yake. Moto ukiwaka yakamwagwa maji kutwa kucha, maji yale yanakwenda wapi?

Nimesoma kuwa kule California watafiti walikuta nikeli, kobalti na manganizi kwenye udongo wa kinamasi jirani baada ya ule moto. Sasa mwani wangu nani ataununua?

Mstaafu wa Zimamoto

Bi Mwani, swali lako ndilo linalonikosesha usingizi mimi.

Moto wa betri za lithiamu haufanani na wa mkuti. Seli moja, yaani kibetri kidogo ndani ya betri kubwa, ikipata joto kupita kiasi inajichoma yenyewe kwa kemikali zilizomo ndani, inaichoma ya pili, hiyo inaichoma ya tatu. Ukizima miali, joto bado limo ndani na linaweza kurudi baada ya saa au siku. Kibaya zaidi ni gesi. Tarehe 19 Aprili 2019, Arizona, betri ya megawati-saa 2 tu ilijaza gesi ndani ya jengo lake. Zimamoto walipofungua mlango ukatokea mlipuko, wakaumia vibaya. Beijing mwaka 2021 walikufa zimamoto wawili kwenye moto wa betri. Ndiyo maana sehemu nyingi siku hizi wanaliacha kontena la betri linalowaka liungue, wanayamwagia maji yale ya jirani yake yasishike.

Sasa niambieni: gari zilizoko kusini zina maji ya kupoza kontena siku tatu? Vijana wamefundishwa kutofungua mlango?

Fundi wa Mtoni Kidatu

Mzee wangu, hayo nayakubali, lakini tusichanganye. Moss Landing walirundika betri za nikeli na kobalti ndani ya jengo moja la zamani la mitambo. Makontena ya sasa yanakaa nje, yana nafasi kati yake, na mengi yana betri za aina ya fosfeti ya chuma, ambazo ni ngumu zaidi kushika moto. Gesi inatoa, sikatai. Australia mwaka 2021, kule Victoria, moto ulianza kwenye kontena moja wakati wa majaribio, ukachukua siku kadhaa, na yaliyoungua ni makontena mawili.

Kinachonitisha mimi ni chumvi. Juzi nimefungua inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, ya nyumba ya wageni Nungwi. Feni imeganda kwa kutu, vichwa vya waya vimeota ukijani, kumbe mwenyewe anadhani paneli ndizo mbovu. Betri kubwa inataka baridi kila saa, mchana na usiku. Kipoza joto kikifa kwa kutu na hakuna fundi wala kifaa, seli zinachakaa mapema, na hapo ndipo hatari ya mzee inapoanza. Mkataba wa matengenezo nauogopa kuliko moto.

Kijana wa Darajani

Mbona dizeli haiogopwi? Kila hoteli ina tangi na jenereta linalonguruma ubavuni mwa nyumba za watu, hatujawahi kuitisha mjadala.

Mpitanjia wa Mkunazini

Fundi, umenisogeza kwenye jambo moja tu: sekunde na jioni, sawa. Basi waambiwe wananchi hivyo. Tangazo liseme betri itabeba mzigo gani, kwa saa ngapi, na ikifika miaka kumi uwezo umebaki kiasi gani. Na ramani ya zimamoto na visima itangulie kabla ya zege kumwagwa. Kijana, dizeli haijasalimika, ila mada yake ifungue wewe.

Mkoani Mmoja

Unguja mna waya mbili mnalia. Sisi Pemba tuna mmoja, wa kutoka Tanga, megawati 25, tangu 2010. Kwa mzigo huo betri ya megawati-saa 50 inatupa saa mbili nzima hata waya ukikatika ukiwa umebeba mzigo wote, muda wa kutosha kuwasha majenereta bila chumba cha upasuaji kuzima. Mbona anayehitaji zaidi ndiye asiyetajwa?

Fundi wa Mtoni Kidatu

Kaka, hapo umenipata. Kwa kazi ya kuziba pengo, ningeanzia Pemba. Ila ifungwe mbali na pwani, na mafundi wawili wa Pemba wasomeshwe kabla meli haijashusha kontena Mkoani.

Mstaafu wa Zimamoto

Wawili hawatoshi. Zamu ni tatu.