Hizi holda za GPS za baiskeli wanazotuuzia ni wizi, yangu imekatikia njiani huko Hombolo

Mbukwenyi wakuu. Leo salamu fupi maana nina hasira tangu juzi.

Mimi nakaa Nzuguni, kazi yangu ni kuwazungukia wakulima wa zabibu kule Hombolo na vijiji vya jirani, nawapimia mashamba kwa GPS ya mkononi, kile kidude kinachosoma mahali ulipo kwa satelaiti. Sio upimaji wa hati, ule una wenyewe, hii ni mkulima ajue ana eka ngapi ili asidanganywe kwenye mbolea na dawa, halafu nachukua na njia za kuingilia mashambani ili mavuno ya mwezi wa nane yakifika kenta ijue ipite wapi isije ikazama kwenye mchanga wa korongo na zabibu juu. Usafiri wangu ni baiskeli. Sasa GPS ukiitia mfukoni mwili wako unaizibia anga, satelaiti zinapotea na treki, yaani mstari wa njia uliyopita, inatoka imepinda pinda hovyo, kwa hiyo lazima ikae juu ya usukani iangalie mbingu na mimi niione bila kusimama simama.

Nikaenda duka moja hapa mjini, muuzaji akanitolea holda ya plastiki, elfu 18, akaapa kabisa eti inashika kitu chochote hata watu wa pikipiki wanachukua. Nikamuuliza mara mbili, kaka njia zangu ni za rafu itahimili? Akasema wewe nenda tu. Nafika nyumbani ndio naona kibanio chenyewe kimetengenezewa usukani mnene, baiskeli nyingi za kisasa za milimani katikati ni milimita 31.8, Phoenix yangu mimi nimepima na kalipa, kile kipimo cha unene, haifiki 26. Wamekuwekea kipande cha mpira cha kujazia lakini kigumu kinateleza, ikabidi nikaze nati mpaka plastiki ikaanza kufanya weupe pale kwenye kona. Wakuu ule weupe mkiuona msiendelee, hapo plastiki imeshachoka inasubiri kupasuka. Mimi niliuona nikaendelea kwa sababu nilikuwa nimeshalipa.

Siku ya tatu nimeacha barabara kubwa nimeingia njia za mashambani, mnayajua yale mawimbi ya udongo yanayoachwa na magari, baiskeli inatetemeka mpaka meno yanagongana, nikasikia tu tak. Shingo ya holda imekatika, GPS imeruka ikadunda kwenye jiwe ikaingia chini ya mgunga. Nimeitoa kwenye miiba mkono unavuja damu, kona ya juu kushoto ina ufa. Kile kidude nimekinunua kwa kujinyima misimu miwili!

Nimerudi dukani na vipande, jamaa ananiambia kwani ulikuwa unabebea mawe? Hela harudishi, nyingine hanipi, hata pole hakuna. Anajua alichoniuzia kimetengenezwa kubeba simu kwenye lami na njia yangu nilimweleza kabla ya kulipa.

Wa pili ninaowalaumu ni nyie mnaotoa ushauri ambao hamjaujaribu hata siku moja. Mmoja kaniambia nigandishe na supa gluu, sasa kava la batri liko mgongoni, ukiligandisha batri zikiisha ukiwa porini unafanyaje? Mwingine kaniambia niishikishe na sumaku ya spika mbovu, mkuu, GPS zenye dira ya ndani ukiziwekea sumaku karibu dira inakuonesha kaskazini ya uongo. Mwingine klipu za chuma za mipira ya radieta, nikakaza kweli, bodi ikaanza kubonyea, na bodi ikibonyea ule mpira wa kuzuia maji haukai tena sawa, mvua ya kwanza umekwisha. Watu wanavisikiliza hivi vitu wanaharibu mali zao, kama hujafanya usiseme.

Kilichonisaidia ni mzee mmoja fundi baiskeli wa mtaani, hajui GPS ni nini, kaiangalia kaniuliza, "kijana wangu, unataka kisitikisike au kisianguke?" Nikamwambia vyote mzee. Akasema basi acha kutumia kitu kigumu juu ya kitu kigumu. Tukachukua bomba la PVC la inchi moja, kipande cha kama sentimita 8, tukalipasua na msumeno upande mmoja kwa urefu, linajibana lenyewe kwenye usukani, chini yake tukazungusha tyubu ili lisizunguke. Juu yake soli ya kandambili kuukuu, nimeichonga na wembe ikakaa sawa na mgongo wa GPS, nikaitoboa na msumari wa moto matundu manne nikapitisha kebo tai kuifunga kwenye bomba. Kebo tai chukua nyeusi, nyeupe kwa jua hili la Dodoma miezi michache tu zinakuwa kama biskuti. Halafu GPS yenyewe inafungwa na vipande vya tyubu ya baiskeli vinavyopishana kama X, kila kimoja kinashika kona mbili, katikati skrini inabaki wazi. Tyubu ya bodaboda ni nene haivutiki vizuri, ya baiskeli ndio yenyewe na mafundi wanazitupa. Mwisho kamba ya kiatu kutoka kwenye tundu la GPS mpaka kwenye usukani, hata vyote vikikatika haifiki chini. GPS ukiilaza pale angalia kisiwepo chuma juu yake cha kuizibia anga, hata kikapu cha mbele usikiache kiinamie.

Gharama yote haijafika elfu 3.

Bado kuna jambo limenipotezea kutwa nzima na sijaona anayelisema. Zile GPS za batri mbili za AA, kwenye mtetemo batri zinaruka kidogo, zinaachia springi kwa nukta moja tu na mashine inazima. Huoni kwa sababu macho yako njiani. Nimezunguka njia ya kenta karibu saa mbili, naifungua nyumbani nakuta mstari mmoja umenyooka kama rula unakata katikati ya mashamba ya watu na korongo, yaani ilizima mwanzoni nikaja kuiwasha mwishoni, katikati imejaza yenyewe. Kenta ikifuata mstari ule inaingia kwenye mizabibu ya mtu. Nimerudia njia yote kesho yake kwa hela yangu. Dawa ni kipande cha karatasi ngumu kimekunjwa, kinakaa kati ya batri na kava, zikabanwa zisicheze. Tangu niweke haijazima tena, na ile soli ya kandambili nayo inameza mtetemo mwingi.

Na mnaotoka huku mnaenda upande wa Kongwa, mkiandika pointi kwa UTM, ule mfumo wa kutaja mahali kwa namba za mita ambao dunia imegawanywa zoni zoni, kumbukeni njiani mnavuka kutoka zoni 36 kwenda 37, andikeni na zoni, nimeshaletewa namba tupu bila zoni nikahangaika nazo.

Jumamosi narudi pale dukani. Vipande ninavyo kwenye mfuko, risiti ninayo, na GPS yenye ufa naenda nayo aione kwa macho yake. Kama kuna mwingine amekatikiwa na holda ya aina hii hapa Dodoma aniambie twende wote, elfu 18 yangu naitaka.