Kambare wangu hatoki nyuma ya chujio: nimwongezee wenzake, au kuna jambo la kutangulia?

Mkaazi wa Fuoni:

Assalamu alaykum. Ukumbini nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha 30, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa na gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi, peke yao. Miezi miwili iliyopita nilinunua Dar es Salaam kambare wadogo wa mapambo wa jamii ya Corydoras, nikavuka nao kwa boti hadi hapa Unguja: wawili wa rangi ya shaba na mmoja panda, yule mweupe mwenye doa jeusi linalopita machoni. Muuzaji alinihakikishia kwamba watatu wanatosha kusafisha uchafu wa chini.

Hofu yangu ni huyu panda. Wale wa shaba hufuatana, japo kwa woga, lakini yeye kutwa amejibana nyuma ya chujio, kile kifaa cha kusafishia maji, na jana baada ya sala ya isha, nilipozima taa na kummulika kwa tochi, niliona sharubu zake za upande wa kushoto zimelika na kubaki vishina. Chini nimeweka mchanga mweupe nilioutoa pwani na kuuosha mara nyingi, maji ni ya kisima, na mchana, kwa joto hili la kaskazi, kipimajoto hufika nyuzi 30. Nimeshauriwa nimnunulie panda wenzake watano ili achangamke. Je, nifanye hivyo mara moja?

Mfugaji wa Mbweni:

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Aliyekushauri amelijua tatizo moja, lakini nakuomba usivuke bahari wiki hii.

Samaki hawa asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini, na huko huenda kwa makundi, wakichimbuachimbua mchanga pamoja. Katika tangi, sita wa aina moja ndio uchache unaovumilika, na wanane au kumi ni bora zaidi. Wengi hudhani kwamba aina mbalimbali zikichanganywa hujihesabu kundi moja. Ni kweli kwamba hula mahali pamoja na pengine hulala pamoja, lakini ukikaa ukawatazama kwa utulivu utaona kila mmoja humwelekea wa aina yake, na panda wako hana wa kumwelekea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwachunguza hawa wa shaba wakaeleza kwamba hugusanagusana kwa makusudi ili waende pamoja, hata wanapokuwa hawajazoeana. Mguso huo ndio lugha yao, na samaki asiye na wa kumgusa huishi katika hofu ya kudumu.

Kuhusu usafishaji, muuzaji alikupotosha. Hawali kinyesi wala hawaondoi uchafu. Nao wanahitaji chakula chao kinachozama, uwape baada ya kuzima taa, kwa sababu gapi humaliza kila kitu kabla hakijafika chini.

Mama wa Wete:

Naongeza moja, kaka yangu, kabla hujamgusa: usimtoe kwa wavu. Miiba ya mapezi yake hujifunga ikiwa wima anapoogopa, na wangu mmoja alinasa hata nikalazimika kuukata wavu kwa mkasi, uzi mmoja mmoja, huku ameloweshwa kwenye bakuli. Msukume taratibu aingie katika kikombe cha plastiki. Pia mwangalie anavyopanda juu kumeza hewa. Kupanda mara chache si ugonjwa, kwa kuwa utumbo wake huweza kuichukua hewa hiyo, lakini akipanda kila baada ya dakika chache, basi maji yamepungukiwa na oksijeni, na maji ya moto huhifadhi oksijeni kidogo.

Mvuvi wa Mkoani:

Joto hilo alilolitaja Mama ndilo ninaloliogopa kuliko upweke. Panda ni samaki wa maji ya nyuzi 20 hadi 25 hivi. Ukileta watano wengine kwenye nyuzi 30, utakuwa umewaleta sita kuteseka pamoja. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi, na siku za unyevunyevu mwingi hata hizo hazipatikani. Kwa nyumba zetu za visiwani zisizo na kiyoyozi, mimi ningechagua aina nyingine ya kambare hawa, iitwayo sterbai, inayostahimili nyuzi 24 hadi 28, au kuwaongeza hao wa shaba, ambao ni wagumu kuliko panda. Na hata kwao nyuzi 30 zimezidi.

Sasa huo mchanga. Chota kiganja kimoja, ukaushe, kisha ukamulie ndimu. Ukitoa povu, ni chokaa ya matumbawe na makombe, ambayo huyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi, siku hadi siku. Gapi huyapenda maji ya namna hiyo, ndiyo maana hukuona dalili yoyote miaka yote. Vipande vya makombe vina makali, na uchafu ukijikusanya kati yake, sharubu huchubuka kisha huoza. Tafuta mchanga laini usiotoa povu, utandaze kwa kina cha sentimita tatu, na unyonye uchafu kwa mpira kila unapobadilisha maji. Sharubu huota tena iwapo shina halijaoza.

Kisima nacho kimechimbwa katika mawe hayohayo ya matumbawe. Changanya maji yake na ya mvua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, bila kuyakinga yale ya mwanzo yanayosafisha bati, wala usitumie ya mvua matupu.

Mkaazi wa Fuoni:

Nawashukuruni nyote. Nimekamua ndimu leo asubuhi juu ya sahani, na mchanga ulichemka kwa povu hadi watoto wakakusanyika. Nitautoa robo robo ili nisiivuruge tangi kwa mara moja. Wa shaba nitawaongeza wafike sita baada ya joto kupungua. Lakini panda nimpeleke wapi?

Mfugaji wa Mbweni:

Mlete kwangu. Ninao saba katika chumba cha kazi chenye kiyoyozi, na maji hukaa kwenye nyuzi 24. Njoo jua likishapoa, mtie katika ndoo yenye kifuniko pamoja na maji ya tangi lake mwenyewe, nami nitamzoesha maji yangu kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa moja. Kwanza atakaa peke yake hadi nihakikishe sharubu zimeanza kupona, ndipo nitamtia kwa wenzake.