Stargate mpya: Ba'mdogo Salum anafurahi kwa tahadhari

Kikundi: Ukoo wa Mzee Kombo

Farid: Shikamoo Ba'mdogo. Nimeona habari nikakukumbuka. Amazon wanatengeneza tamthilia mpya ya Stargate. Si ndiyo ile yako ya pete yenye maji?

Ba'mdogo Salum: Marahaba mwanangu. Ndiyo yenyewe. Nimeisoma hiyo habari tangu jana, nikaiacha, nikairudia. Bado sijajua nishangilie au nitulie kwanza.

Zuhura: Ba'mdogo hajashangilia Stargate? Basi kuna jambo.

Ba'mdogo Salum: Nimefurahi Zuhura, tena sana. Ila tumeshaahidiwa mengi. 2014 walitangaza kuifanya upya ile filamu ya 1994, tena ziwe filamu tatu, na mwongozaji yule yule Roland Emmerich. Zingeanza upya kabisa, maana yake tamthilia zote zilizofuata zihesabiwe hazikuwahi kuwepo. Ikaishia hewani. 2018 wakaleta Stargate Origins, vipande vifupi vya mtandaoni vya dakika kumi kumi. Niliviangalia vyote hadi mwisho kwa sababu ya mapenzi tu. Hela haikuwepo mle, na ukitazama ukuta wa nyuma ya waigizaji unaona kabisa.

Shangazi Asha: Salum, hiyo si ile ya MacGyver akiwa mtu mzima?

Ba'mdogo Salum: Hiyo hiyo dada. Richard Dean Anderson, yule aliyeigiza MacGyver zamani. Humo anaitwa Jack O'Neill, kanali wa jeshi la anga.

Shangazi Asha: Nakumbuka mlivyokuwa mnatujazia sebule. Mimi nilichokiona ni misonobari. Sayari hii misonobari, sayari ile misonobari.

Ba'mdogo Salum: Walikuwa wanapigia picha Vancouver, Kanada, dada. Msitu upo jirani na studio.

Farid: Mimi sijawahi kuielewa vizuri. Ni vita vya vyombo vya angani?

Ba'mdogo Salum: Vyombo vinakuja baadaye, lakini msingi wake si huo. Sikiliza. Kuna pete kubwa ya chuma, kwa hadithi yao ilifukuliwa Giza kule Misri mwaka 1928. Wamarekani wameificha chini ya mlima Cheyenne, Colorado. Ina alama 39. Ukizipanga alama saba kwa mpangilio sahihi, pete inafungua njia mpaka kwenye pete nyingine iliyo kwenye sayari nyingine. Na ikishafunguka ina dakika 38 tu, basi.

Sasa anayepita pale hana chombo. Ni watu wanne, wamevaa buti, wamebeba begi mgongoni, wanatembea kwa miguu yao. Hatua hii yuko kazini, hatua inayofuata yuko kwa watu ambao hajawahi kuwasikia. Na wakati ni huu wetu, si miaka elfu moja ijayo. Wakirudi wanapimwa na daktari, wanakaa mezani wanatoa ripoti kwa jenerali, jioni wanaenda kula. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisema hawa ni watu, hawa nawajua.

Zuhura: Na ile pete inavyozunguka. Ile sauti.

Ba'mdogo Salum: Umenena. Na ilizunguka kweli! Haikuwa kompyuta. Waliijenga studio, nzima, na ndani ina gia. Inazunguka taratibu, inasimama, kile kibano cha juu kinashuka na kufunga alama, taa inawaka, na yule sajenti dirishani anahesabu, ya kwanza imefunga, ya pili imefunga. Wewe uliyekaa kwenye kochi unasubiri ya saba kama unasubiri penalti. Ombi langu kwa hao wapya ni hilo la kwanza: wajenge pete. Waigizaji wasimame mbele ya kitu wanachoweza kukigusa. Mtu akiwa anatazama kitambaa cha kijani, kile cha kuwekewa picha za kompyuta baadaye, macho yake yanasema.

Mama Farid: Samahani nawakatiza. Mchango wa harusi ya Mwanaidi mwisho Jumapili. Mpaka sasa waliotoa ni watatu tu. Salum na wewe bado.

Ba'mdogo Salum: Natuma leo shemeji. Samahani.

Farid: Wale wabaya ni akina nani?

Ba'mdogo Salum: Goa'uld. Ni viumbe kama nyoka wadogo, wanaingia shingoni mwa mtu na kumtawala. Zamani walichukua watu kutoka Misri na kwingineko wakawasambaza sayari mbalimbali kuwa watumwa, wakajiita miungu. Ra, Apophis, Sokar. Jeshi lao ni watu wanaoitwa Jaffa, ambao wamezaliwa wakiambiwa bwana wako ni mungu wako. Na hapo ndipo anaingia Teal'c. Ni kamanda wa Apophis, ana alama ya dhahabu kwenye paji la uso. Kwenye episodi ya kwanza kabisa anaamriwa awaue wafungwa, wamo O'Neill na wenzake. Anageuza silaha yake. Anaacha mke, mtoto, cheo, kila kitu, na miaka kumi inayofuata anazunguka kuwaambia ndugu zake kwamba wale si miungu. Kwangu mimi hadithi nzima ni ya Teal'c.

Zuhura: Farid, unamjua Teal'c. Hujui tu kama unamjua.

Farid: Namjuaje?

Zuhura: Christopher Judge. Kratos wa God of War, ule mchezo wako wa video.

Farid: WEWE

Farid: Subiri. Ile sauti ya "Boy"??

Zuhura: Hiyo hiyo. Mwigizaji bora wa The Game Awards 2022, zile tuzo za michezo ya video. Yule aliyepanda jukwaani akashukuru mpaka watu wakadhani hashuki.

Farid: Ba'mdogo mbona hukuniambia hili miaka yote! Nimemaliza God of War Ragnarök mara mbili.

Ba'mdogo Salum: Nilikuwa nakuona unacheza, nikisikia ile sauti natabasamu. Nilidhani unajua mwanangu.

Farid: Basi naangalia. Sasa hofu yako ni nini? Amazon pesa wanazo, hata MGM, studio yenye Stargate, waliinunua kwa dola bilioni 8.45.

Ba'mdogo Salum: Pesa ndiyo hofu yangu ndogo kuliko zote. Hofu yangu ni nafasi. Stargate SG-1, hiyo tamthilia ya O'Neill na Teal'c, ilianza 1997 ikaisha 2007. Sizoni 10, episodi 214. Kwa miaka mingi sizoni moja ilikuwa na episodi 22. Siku hizi wanakupa nane, kumi ukibahatika, halafu unakaa miaka miwili. Kwenye nane kila dakika ni dunia inaangamia. Watu wanakimbia, wanalia, wanalipuka. Hakuna anayekaa kula.

Nikupe mfano mmoja. Sizoni ya nne kuna episodi inaitwa Window of Opportunity. O'Neill na Teal'c wamekwama, siku moja inajirudia, na hakuna mwingine anayekumbuka isipokuwa wao wawili. Kila asubuhi O'Neill anaanza na kijiko cha nafaka mdomoni, Daniel, mwenzao wa kikosi, anamuuliza swali lile lile. Wanahangaika kutafuta dawa, inajirudia. Mwisho wanagundua kwamba wakifanya lolote hakuna kesho ya kuwauliza. Basi wanasimama mbele ya pete ya mabilioni, wamevaa sare, wanapiga mipira ya gofu kuelekea sayari nyingine. Jenerali anaingia anafoka, O'Neill anageuka kumlaumu kwa kumpigia kelele akiwa anapiga mpira. Nilicheka nikatoka machozi. Lakini ndani ya episodi hiyo hiyo kuna mzee aliyesababisha yote kwa sababu anataka kurudi nyuma amwone mkewe aliyekufa, na O'Neill, ambaye mtoto wake alijiua kwa bahati mbaya kwa bastola ya baba yake, ndiye anayemwambia aache. Pale pale kicheko kinakukwama.

Sasa niambie, kwenye sizoni ya episodi nane, nani atakubali moja itumike kwa gofu?

Zuhura: Ba'mdogo hapo mimi nakupinga kidogo kwa heshima. Kati ya zile 22 nyingi zilikuwa za kujazia. Kuna zile wamekaa mezani wanakumbushana vipande vya episodi zilizopita. Nane zilizoandikwa vizuri si bora kuliko 22 nusu yake ya kuruka?

Ba'mdogo Salum: Za kukumbushana ruka, sina ugomvi. Lakini yule jenerali Hammond, mzee Don S. Davis, Mungu amrehemu, alifariki 2008. Ukiniuliza ni episodi gani ilinifanya nimpende, sina. Ni dakika mbili hapa, sentensi moja pale, kwa miaka saba. Kuna siku anaminya midomo tu unajua ameshakubali kuvunja amri ya wakubwa zake ili awafuate vijana wake. Huwezi kuliandika hilo ndani ya nane. Linahitaji muda wa kukaa na mtu.

Zuhura: Kuna tamthilia fupi zimeniliza kwa episodi sita.

Ba'mdogo Salum: Sikatai. Zilikuwa na watu wawili watatu na jambo moja. Hii ina kikosi, ina kambi nzima, na kila wiki sayari ngeni. Wakinipa hata 12 nitanyamaza.

Shangazi Asha: Na huyo anayeitengeneza ni nani? Anaijua au ni mgeni?

Ba'mdogo Salum: Hilo ndilo swali, dada. Na hapo ndipo napata moyo. Ni Martin Gero. Alikuwa mwandishi wa Stargate Atlantis, tamthilia iliyofuata SG-1, kijana kabisa wakati ule, ameandika zile za mwanasayansi McKay ninazozipenda. Na Brad Wright, aliyeianzisha SG-1 na mwenzake Jonathan Glassner, ameitwa awe mshauri, pamoja na Joe Mallozzi, mwandishi mwingine wa zamani wa Stargate. Kwa hiyo chumbani wamo watu wanaojua kwa nini watu walicheka.

Zuhura: Ila Gero ndiye alikuwa kwenye tamthilia ya Quantum Leap mpya ya 2022. Sizoni mbili, kituo cha NBC wakaifuta.

Ba'mdogo Salum: Ndiyo, na ile ilikuwa inaanza kukaa sawa. Ndiyo maana sishangilii kwa sauti.

Farid: Lakini Ba'mdogo, si bora waanze upya tu? Mimi na wenzangu hatuwezi kuangalia episodi 214 ndipo tuelewe.

Ba'mdogo Salum: Huna haja ya kuziangalia zote. Mlango ni mlango, yeyote anaweza kuingia. Walete kikosi kipya, vijana, wa nchi yoyote, hadithi ianze nao. Ninachoomba ni kwamba walioishi wawe waliishi. Carter, yule mwanasayansi wa kikosi cha O'Neill, awe jenerali mahali fulani. Jaffa wawe huru, kwa sababu Teal'c aliwapigania. Usinifutie.

Na si kwamba naogopa mabadiliko. Tamthilia ya Battlestar Galactica ya 1978 ilipofanywa upya 2003, rubani Starbuck akawa mwanamke, mashabiki wakongwe walikasirika kweli. Richard Hatch aliyekuwa Apollo wa zamani alikuwa ametoa hela yake mwenyewe kutengeneza kionjo cha kuiendeleza ile ya kwanza, hakuitaka hiyo mpya. Baadaye akaja kuigiza humo humo, akawa Tom Zarek, na akawa mmoja wa watu wazuri mle ndani. Ile ilianza upya kabisa na ikafaulu. Lakini ya kwanza ilikuwa na sizoni moja, hadithi ilikuwa haijakua. Sisi tuna sizoni 17 ukijumlisha SG-1, Atlantis na Universe. Kuna watu mle tumewaacha njiani.

Shangazi Asha: Mmewaacha wapi tena?

Ba'mdogo Salum: Dada, Universe ilikatwa 2011. Chombo chao, Destiny, kiko mbali sana, nguvu haitoshi, inabidi wote walale kwenye vyumba vya baridi miaka mitatu. Chumba kimoja kimeharibika. Kijana Eli anabaki macho peke yake, ana wiki mbili za hewa kukitengeneza. Anasimama dirishani, anaangalia nyota, anatabasamu. Basi. Hawakurudi. Mimi sihitaji tamthilia nzima ya Eli. Nipeni mtu mmoja apite korido na faili mkononi amwambie mwenzake kwamba wale wa Destiny walipatikana wazima. Sekunde tano. Nitalala.

Zuhura: Hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili.

Farid: Sawa Ba'mdogo. Nianzie wapi?

Ba'mdogo Salum: Filamu ya 1994 kwanza, ujue pete ilitoka wapi. Halafu Children of the Gods, ya kwanza ya SG-1. Sizoni ya kwanza ivumilie, bado wanajitafuta. Kuna moja Carter anatekwa na watu wanaofanana na Wamongolia, ile ni mbaya, ipite bila kuangalia nyuma. Ukifika kwa Apophis kuishambulia dunia, mwisho wa sizoni, hutahitaji mtu wa kukusukuma.

Farid: Naanza na filamu kesho usiku. Kratos ananisubiri.

Shangazi Asha: Msiangalie kila mtu kwake. Jumapili mnakuja kwangu na mchango, njooni na hiyo filamu. Pilau lipo. Salum, wewe uje mapema unifungie ile feni kwanza.

Ba'mdogo Salum: Saa nne nimefika dada. Mchango nimeshatuma, shemeji angalia simu.

Mama Farid: Imeingia. Asante. Wa nne huyo.