Sururu imegonga mfupa mzito shimoni Goba, tuendelee kuchimba?

MamaWawili_Goba
Wakuu, habari za jioni. Tunajenga Goba, na juzi vijana walikuwa wanachimba shimo la maji taka. Kwenye kama mita tatu sururu ikagonga kitu, tukadhani jiwe. Kumbe ni mfupa, mnene kuliko paja langu. Kipande kilichokatika nimekiosha, ni kizito ajabu. Mwanangu wa darasa la sita kakilamba, anasema kinanata ulimi, na anashikilia kwamba ni mamothi, yule tembo wa manyoya wa zama za barafu. Fundi anataka aung'oe amalize kazi. Mwenye ujuzi anisaidie.

Kijana_Tegeta
Ng'oa tu dada, weka sebuleni. Shimo halisubiri.

ChekecheLaOldupai
Mama, nakuomba fundi asiung'oe. Nimefanya kazi ya kuchimba mifupa ya kale Oldupai misimu saba, sasa nipo Tabata, na jambo hili naliumia.

Msimu wangu wa kwanza niliona taya la swala limechomoza ukutani. Nikalivuta. Likabaki vumbi mkononi na meno yakamwagika kwenye udongo. Nilichekecha siku mbili, nikayapata manne. Ila kubwa zaidi, hakuna aliyeweza tena kusema lilikuwa limelala kwenye tabaka gani la udongo. Mfupa bila tabaka lake umepoteza umri wake.

Kunata ulimi ni dalili nzuri, vitundu vya mfupa wa kale vinanyonya mate. Lakini usiuoshe tena! Ukilowa kisha ukakauka kwa haraka unapasuka.

Mwambie mwanao kwamba zama za barafu zilifika hata huku, ila barafu ilikaa milimani, kama Kilimanjaro. Bondeni kulikuwa na vipindi vya mvua na vya ukame. Mamothi wa manyoya hakuwa wa kwetu. Sisi tulikuwa na tembo aliyepewa jina la Hans Reck, Mjerumani aliyechimba Oldupai mwaka 1913, na nyati aitwaye Pelorovis. Nimeshika brashi juu ya fuvu la nyati huyo: kiini cha pembe moja tu, yaani mfupa wa ndani yake, kilinipita urefu wa mkono, na pembe yenyewe ilipokuwa hai ilizidi hapo.

Kuutoa kuna utaratibu. Unasafisha kwa brashi ya rangi na kijiti cha mianzi, unaacha mfupa umekaa juu ya kichuguu cha udongo wake. Unaufunika kwa karatasi ya chooni iliyolowa ili plasta isiushike, kisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, kama hogo la aliyevunjika mguu. Ikikauka ndipo unakata chini na kuugeuza. Si kazi ya fundi wa choo, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba bila kibali.

MamaWawili_Goba
Shikamoo mzee. Nimewasimamisha. Fundi kanuna, anauliza siku zake nani atalipa.

ChekecheLaOldupai
Marahaba mwanangu. Mlipe achimbe upande mwingine wa kiwanja. Mwaka 1974 kule Hot Springs, Marekani, mwendesha mtambo alikuwa anasawazisha ardhi wajenge nyumba, akagonga pembe ya mamothi. Mwenye kiwanja angeweza kuendelea. Leo wamehesabu mamothi zaidi ya sitini pale, mingi ya mifupa imeachwa ilipolala na jengo limejengwa juu yake.

Sasa fanya hivi. Piga picha ukiweka rula pembeni, pima kina kutoka juu, andika. Rudishia mchanga mkavu taratibu, funika kwa turubai, mvua isiingie. Kile kipande kifunge kwenye gazeti, si mfuko wa nailoni, kisitoke jasho. Jumatatu nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na umchukue mwanao.

MamaWawili_Goba
Kina ni mita 2.8. Turubai limewekwa, mtoto kaandika tarehe kwenye gazeti kwa kalamu nyekundu.