Hukumu za watoto hapa Lubumbashi: "haki ya kutembelea" bila siku wala saa ni kitu gani?

Bandugu, hizi hukumu zinatia hasira. "Mtoto abaki kwa mama, baba awe na haki ya kumtembelea." Basi. Siku gani? Nani anamfuata, nani anamrudisha? Jumamosi baba anabisha mlango kule Katuba, anajibiwa mtoto amelala. Anakimbia polisi. Polisi wanasoma karatasi, hawaoni amri iliyovunjwa. Na kweli hakuna: karatasi haikuamuru kitu.

Ba metre, ninyi mawakili, lawama ya kwanza ni yenu. Juji wa tribinali ya amani hatoi kisichoombwa, na ninyi mnaomba "droit de visite" tu, maneno mawili matatu ya kunakili. Andikeni: kila wiki ya pili, Ijumaa saa kumi jioni mpaka Jumapili saa kumi, nusu ya likizo ya Noeli na ya Pasaka, mwezi mmoja wa likizo kubwa, mahali pa kukabidhiana. Baba anafanya kazi mgodini Kolwezi, kilomita kama 300? Wikendi haimfai, fuateni zamu zake, mseme na nauli ni ya nani. Pesa ya matunzo vilevile. "Kadiri ya uwezo wake" haikamatiki. Wekeni kiasi kwa thamani ya dola, maana franga haitulii, tarehe ya kulipa, na njia, hata Airtel Money. Minerval (karo ya shule) na hospitali mziandike kando.

Halafu ile kelele ya mahari! "Nililipa yote, watoto ni wangu." Upande wa mama wanaleta mjomba, naye adai watoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inatanguliza faida ya mtoto, na mtoto mwenye akili ya kupambanua ana haki ya kusikilizwa. Nani alizini ni habari ya talaka. Hapa juji anahitaji kujua nani anampeleka shule, analala wapi, nani anabaki naye mchana. Ombeni uchunguzi wa asistan sosiali (mtu wa ustawi wa jamii), leteni biletini za shule, zile ripoti za alama, na kitabu cha kliniki. Shemeji watano wanaopiga kelele hawafikii hapo.

Msingoje hukumu pia. Code de la famille, yaani sheria ya familia, inaruhusu hatua za muda wakati kesi inaendelea. Ziombwe tangu kikao cha usuluhishi. Bila hizo, aliyemnyakua mtoto kwanza atakuja kusema "amekwisha kuzoea hapa", na atasikilizwa.

Mkishinda, fotokopi haitoshi. Chukueni grefe (kwa karani wa tribinali) nakala ya utekelezaji, huisie, mpeleka hati wa tribinali, aipeleke kwa mliyeshindana naye: siku 30 za rufaa zinahesabika tangu hapo. Isipopelekwa, inaning'inia. Na ombeni mapema, kwa maandishi, itekelezwe hata kukiwa na rufaa.

Mwenye hukumu isiyo na saa arudi tribinali aombe ifafanuliwe. Hali ikibadilika, baba kahamia Kasumbalesa au mama kaolewa tena, aombe mpango mpya. Kumvizia mtoto getini kwa shule kutamharibia kesi yake mwenyewe.