Bologna kwa miguu siku moja: nianzie wapi?

Wadau, Jumamosi nashuka stesheni ya Bologna, Italia, saa tatu asubuhi, narudi na treni ya jioni. Sitaki mtu wa kunitembeza, miguu yangu na ramani ya simu vinatosha. Mnara wa Asinelli unapandika?

Jibu: Mnara sahau, mkuu. Ulifungwa 2023 kwa sababu jirani yake Garisenda, ule uliopinda, unatia wasiwasi. Anzia Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji, uwahi kuingia kanisa la San Petronio jua likiwa utosini: kwa saa za kiangazi ni saa saba na robo hivi. Mwanga unapenya kitundu cha darini, doa lake linatambaa sakafuni hadi kwenye mstari wa kuonyesha adhuhuri aliouchora mwanaastronomia Cassini 1655. Nililisubiri na wazee wawili, wote kimya kama tunavua samaki.

Jibu: Mvua isikutishe, njia nyingi zina paa la matao. Ila ile ya kupanda kanisa la San Luca kilimani, matao 666, karibu kilomita 4! Mimi mjanja nilivaa viatu vipya. Nilishuka pekupeku.

Muulizaji: Pole, nimecheka. Raba kuukuu zimeshaingia begini.